Mbunifu asiwe mkaguzi wa kitu chake

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kuandika neno, lakini makala ya Jumapili iliyosifu jinsi Serikali ya Uingereza ilivyomwamini mhandisi William Armstrong na mzinga wake wa kivita imenilazimisha kushika kalamu. Mwandishi alieleza kwamba mwaka 1859 Armstrong aliikabidhi Serikali hataza zake, yaani haki za ubunifu wake, bila malipo, akaishia hapo. Hakueleza kwamba mtu huyohuyo aliteuliwa kusimamia mizinga ya Serikali, huku zabuni ya kuitengeneza ikienda kwa kampuni ya washirika wake huko Elswick, Uingereza. Kamati ya kuipima mizinga yake pamoja na ya mshindani wake, Joseph Whitworth, iliundwa mwaka 1863, fedha zikiwa zimekwisha kutumika. Mwaka huo, huko Kagoshima nchini Japani, mizinga ya Armstrong iliwaletea ajali mabaharia walewale wa Uingereza walioifyatua.

Sisi wa Kongwa jambo hili la kununua kabla ya kupima tunalijua. Mradi wa karanga wa Serikali hiyohiyo ya Uingereza ulianza hapa mwaka 1947 bila shamba la majaribio, yakaletwa matrekta ambayo kampuni ya Vickers-Armstrongs iliyaunda kutokana na vifaru vya Sherman, na udongo wetu, ambao kiangazi hukauka kama saruji, ukayashinda. Mwaka 1951 mradi ulifutwa.

Na hali haijabadilika. Kikundi chetu kililetewa mashine ya kubangua karanga ambayo viongozi waliipenda walipoiona kwenye maonyesho ya Nane Nane, Nzuguni, na aliyeithibitisha ubora wake ni yuleyule aliyeiunda. Uwanjani ililishwa karanga safi zilizochaguliwa; kwetu ilikutana na karanga za shambani, zenye mchanga na vijiti, ikapasua punje kiasi kwamba mnunuzi alizikataa, na alikuwa na haki, kwa kuwa punje iliyopasuka hushika kuvu upesi, na mkoa huu ulizika watu mwaka 2016 kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu itokanayo na kuvu kwenye chakula. Tulipolalamika tulijibiwa kwamba mashine ina cheti. Wakati huohuo fundi kijana wa kijijini kwetu, ambaye mashine yake huchekecha mchanga kwanza, hajaitwa na yeyote, kwa sababu hana fedha za kukodi banda Nzuguni.

Naomba kabla ya Serikali kununua chochote kwa mbunifu, vipimwe pamoja vitu vya wabunifu wawili au zaidi, msimu mzima, mahali vitakapotumika, na wapimaji wasiokuwa na maslahi. Mbunifu alipwe gharama za majaribio hata akishindwa. Kwa silaha, taarifa ya majaribio isomwe na kamati ya Bunge inayohusika na ulinzi. Kwa mashine za wakulima, ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji, ikionyesha punje zilizopasuka katika kila debe.

Mkulima wa karanga,
Kongwa, Dodoma