Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: elfu nne ya 2017 si elfu nne ya sasa

Newala, Agosti 2025

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Ninakuandikia kutoka kwenye Uwanda wa Makonde, mikorosho ikiwa inatoa maua na harufu ya salfa, dawa ya unga tunayopulizia mikorosho, haijatoka kwenye nguo zetu. Kwanza nikushukuru kwa hiyo salfa. Miaka ambayo tulijinunulia wenyewe ninaikumbuka vizuri, na ninajua ni mashamba mangapi yalikaa bila kupuliziwa.

Ninalotaka kusema linahusu bei. Mnada wa kwanza wa Oktoba 2024 ulipopita shilingi 4,000 kwa kilo, kijiji kizima kilipiga vigelegele, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Tangu hapo viongozi wa kila ngazi wanatuambia kwamba korosho imepata bei nzuri kuliko wakati wowote. Mheshimiwa, mwaka 2017 pia tuliuza kwa elfu nne. Kati ya elfu nne ile na hii imepita miaka 7, na shilingi haikukaa mahali pamoja ikitusubiri.

Mfumuko wa bei nchini umekuwa mdogo, asilimia 3 hadi 4 na ushee kwa mwaka. Ni jambo jema. Lakini kidogo cha kila mwaka hupanda juu ya kidogo cha mwaka uliotangulia. Nimekaa na kalamu, nikajumlisha kuanzia 2018 mpaka 2024: kilichonunuliwa kwa 4,000 wakati ule kinataka kama 5,100. Maana yake mkulima aliyeuza kwa 4,100 Oktoba 2024 yuko nyuma ya mkulima wa 2017 kwa karibu elfu moja katika kila kilo. Ukipima kwa dola ni hivyo hivyo. Mwaka 2017 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,240. Oktoba 2024 ilikuwa imepita 2,700. Elfu nne ya kwanza ilikuwa karibu dola 1.8, na 4,100 ya juzi ni dola 1.5. Kwa mnunuzi wa Vietnam au India, korosho yetu ilikuwa rahisi zaidi siku ile tuliyokuwa tunashangilia.

Mama yangu hakuhitaji kalamu kuliona hilo. Yeye anahesabu korosho kwa bati. Fedha ya 2017 ndiyo iliyoezeka nyumba yetu. Fedha ya 2024, kwa mikorosho ile ile, ililipa madeni, ikanunua sare za shule, na jiko mpaka leo lina paa la nyasi.

Madeni hayo yalitoka wapi? Yalitoka kwenye miaka ya katikati, ambayo haitajwi sana. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei za minadani, Serikali ikaamua kununua kwa 3,300 na jeshi likabeba mzigo. Baadaye bei ikateremka, na ikafika misimu tuliyouza kwa elfu mbili na chini yake. Familia haili bei ya mwaka mmoja. Inakula wastani wa miaka mitano au sita, na wastani huo ni mdogo kuliko tarakimu yoyote iliyosomwa jukwaani.

Tena kuna kangomba, yaani kununua korosho ya mkulima kwa bei ya chini nje ya mnada, hata kabla haijavunwa. Najua ni kosa kisheria na najua wanaofanya hivyo wanakamatwa. Lakini kila mwaka, kati ya Julai na Septemba, ghala la nyumbani likiwa tupu na mtoto yuko kitandani, hutokea mtu mwenye fedha mkononi. Jirani yangu, mjane, ameuza kilo zake zikiwa bado maua, kwa chini ya elfu moja. Si mjinga. Anajua fika kwamba Oktoba zitauzwa mara nne ya hapo. Ila hana wa kumkopesha kwa hiyo miezi mitatu, na hamtaji aliyenunua kwa sababu mwakani atamhitaji tena. Bei ya mnada ikipanda, anayefaidi ni yule aliyenunua kwa kangomba. Kumkamata bila kuleta mkopo wa kiangazi kijijini ni kumwacha mama yule na njaa yake.

Watumishi wa umma waliongezwa kima cha chini kwa asilimia 23.3 mwaka 2022, na Julai 2025 kimetoka 370,000 kwenda 500,000. Siwaonei wivu, mwalimu wa wanangu yumo humo na alistahili. Ninachokiona ni kwamba mshahara ulipoangaliwa, ziliangaliwa pia gharama za maisha. Korosho tunaipima kwa shilingi za mwaka husika tu, kana kwamba mkulima hanunui sukari duka lile lile.

Sikuombi upange bei ya dunia. Ninaomba msimu ukifunguliwa, Wizara itoe karatasi moja ya Kiswahili, ibandikwe kwenye kila chama cha msingi cha ushirika. Iwe na bei ya mnada, bei hiyo hiyo kwa thamani ya shilingi ya 2017, na kila kato mpaka fedha inapofika kwa mkulima: ushuru wa halmashauri, chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafiri. Leo tunasikia bei ya mnada redioni, halafu tunapokea nyingine, na karani hana la kutuonyesha. Ninaomba pia mkopo mdogo wa kiangazi, dhamana yake iwe mikorosho iliyokwisha kusajiliwa kwa ajili ya pembejeo. Orodha hiyo tayari mnayo. Ndiyo mliyotumia kutugawia salfa.

Habari ya kubangua korosho hapa hapa nchini, na vile viwanda vya zamani vilivyogeuka maghala, inataka barua yake.

Mnada wa kwanza kwa kawaida ni Oktoba. Karatasi ninayoiomba haizidi ukurasa mmoja, na muda wa kuiandika bado upo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkulima wa korosho, Newala