Oksijeni nyumbani: tuelekezwe kabla umeme haujakatika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo wengi wetu tunaouguza wagonjwa wa mapafu majumbani tunalijua nusu tu. Mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani na mashine ya oksijeni au mtungi, tunaonyeshwa namna ya kuwasha, namna ya kupima lita kwa dakika na namna ya kumvalisha mrija puani. Kuhusu moto, sisi tuliambiwa sentensi moja, kwamba mtu asivute sigara karibu, na kwa kuwa nyumbani kwetu hakuna mvutaji, sentensi hiyo ilitupita kama salamu ya njiani.

Mama yangu mzazi amepikia kuni kwa zaidi ya miaka hamsini, kwanza kwao Rungwe na baadaye hapa Uyole, katika jiko la nje lisilo na dirisha, na daktari alipotuambia kuwa mapafu yake yamechakaa kwa moshi hatukushangaa. Aliruhusiwa mwezi wa sita mwaka jana, baridi ikiwa imekwisha kushika. Tulikodi mashine ya umeme, ile inayovuta hewa ya chumbani na kuichuja hadi oksijeni ifikie asilimia 90 hivi au zaidi, tukaongeza mtungi wa akiba kwa ajili ya siku za umeme kukatika. Tuliuona mpango huo kuwa mzuri, na kwa mgonjwa ulikuwa mzuri kweli. Ambacho hatukukifikiria ni kwamba umeme ukikatika, au Luku ikiisha, mashine na taa huzimika kwa pamoja, kwa hiyo mtu yule yule anayekimbilia kufungua mtungi ndiye pia anayepapasa gizani akitafuta kiberiti.

Ndivyo ilivyokuwa usiku mmoja wa mwezi wa saba, kama saa mbili. Binti wa shangazi yangu, ambaye ndiye anayelala na mama, alifungua mtungi kama alivyofundishwa, akahamisha mrija. Baada ya muda mama aliutoa puani ili anywe uji, akauweka mapajani juu ya blanketi, huku mtungi ukiendelea kutoa lita 2 kwa dakika. Lita 2 ni kama si kitu ukizisikia, lakini kwa saa moja ni lita 120, na blanketi zito huishika gesi hiyo kama sponji inavyoshika maji. Mwanga wa simu ulipokwisha, binti aligandisha mshumaa kwenye kifuniko cha kopo la maziwa, akauweka juu ya kigoda kando ya kitanda, akawasha kiberiti. Kichwa cha njiti kilikatika, kikaruka.

Siku nyingine kichwa cha njiti kikiangukia blanketi kinaacha tundu jeusi na harufu mbaya, basi. Usiku ule moto ulipanda papo hapo, mweupe, karibu bila moshi, ukitoa sauti kama ya khanga inayochanwa. Binti alilivuta blanketi lote, akalitupa kwenye sakafu ya saruji ukumbini, na nilipoingia kutoka dukani nilimkuta analikanyaga kwa ndala zake. Mama aliungua vidole viwili, na nyusi zikababuka. Mtungi ulikuwa bado wazi. Hakuna aliyekumbuka kuufunga, kwa sababu hakuna aliyekuwa ametuambia kuwa katika moto wa namna ile, mtu akishamwondoa mgonjwa motoni, kufunga oksijeni hakusubiri.

Nisieleweke vibaya. Oksijeni yenyewe haiungui, na nasema hivi kwa makusudi, kwa sababu mwenye nyumba mmoja mtaani kwetu alitaka kumhamisha mpangaji aliyekuwa na mgonjwa kwa kusikia tu kwamba mtungi umeingia uani mwake, akiufananisha na mtungi wa gesi ya kupikia. Havifanani. Gesi ya kupikia ndiyo inayoungua. Oksijeni kazi yake ni kuchochea kile ambacho tayari kimeshika moto. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi, na wataalamu wa usalama wa moto huanza kuihesabu hewa kuwa ya hatari inapopita kiasi cha asilimia 23. Tofauti hiyo ndogo inatosha kukifanya kitambaa ambacho kingefuka tu kiwake, na kinachowaka taratibu kiwake kwa kasi. Kumnyima mgonjwa oksijeni kwa hofu ni ukatili, tena wa kijinga. Kinachotakiwa kuondolewa chumbani ni moto.

Hapa ndipo maelekezo ya watengenezaji yanapogongana na maisha yetu. Maelekezo mengi yanataka oksijeni ikae mbali na moto wa wazi kwa kiasi cha mita 3, ambazo ni futi kumi. Sasa vyumba tunavyopanga Mbeya, Iringa au Njombe, vingi ni vya futi kumi kwa kumi! Ukilitii agizo hilo kwa uaminifu, chumba kizima kiko ndani ya eneo la hatari, na hakuna kona ambayo mtu anaweza kusema mshumaa ukae pale. Ongeza baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba, ambapo madirisha yanafungwa na nguo zinasokotwa chini ya mlango ili upepo usipite, kisha jiko la mkaa linaingizwa ndani ili mgonjwa apate joto. Jiko hilo linamdhuru mara mbili: ni moto wa wazi karibu na oksijeni, na linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huua hata watu wenye mapafu mazima. Mgonjwa aongezewe blanketi na soksi, na chupa ya maji ya moto ikibidi.

Jambo jingine ambalo lilinishangaza nilipolisoma ni kwamba oksijeni hubaki kwenye nguo na nywele hata mtungi ukishafungwa, ndiyo maana inashauriwa kusubiri nusu saa hivi, dirisha likiwa wazi, kabla ya mtu aliyekuwa nayo kusogelea moto. Mama alikuwa na desturi ya kuvua mrija, kujifunga shuka lake na kwenda moja kwa moja jikoni kuota moto na wajukuu. Tulikuwa tukifurahi kumwona ametoka kitandani.

Mafuta nayo yana habari yake. Oksijeni hukausha pua, na huku kwetu dawa ya kila kilichokauka ni mafuta ya mgando. Maelekezo yanakataza mafuta ya aina hiyo usoni mwa anayetumia oksijeni na kuelekeza krimu za maji. Mbaya zaidi ni grisi kwenye kichwa cha mtungi. Binamu yangu, fundi wa pikipiki, alikuta vali yetu ngumu akataka kuipaka grisi ilainike, kwa nia njema kabisa, na mikono yake ikiwa imejaa oili. Oksijeni inayotoka kwa mgandamizo mkubwa ikikutana na grisi inaweza kuiwasha bila kiberiti. Tulimzuia kwa bahati tu, kwa kuwa muuguzi mmoja jirani yetu alikuwa amepita kumjulia mama hali.

Ninachoomba si kikubwa. Yeyote anayemkabidhi mgonjwa mashine au mtungi, iwe hospitali au mtu binafsi anayekodisha, aulize kwanza maswali matatu: mnalala chumba cha namna gani, mnapikia wapi, na umeme ukikatika mnawasha nini. Anayejibu kuwa anawasha mshumaa, kibatari au chemli asiondoke kabla ya kuambiwa anunue taa ndogo ya sola, ambazo hapa Mwanjelwa zimejaa. Maelekezo yaandikwe kwa Kiswahili, maana mashine yetu ilikuja na kitabu cha Kiingereza na Kichina, na namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, iandikwe juu kabisa kwa herufi kubwa. Uingereza, mirija ya wagonjwa wa nyumbani huwekewa kifaa kidogo ambacho moto ukikifikia hukata oksijeni. Sioni kwa nini wanaoingiza mashine hizi nchini wasitakiwe kuja nacho.

Na maelekezo hayo apewe mtu anayehusika. Mimi ndiye niliyetia sahihi fomu, nikaonyeshwa vali, nikaitikia kwa kichwa, kisha nikarudi kwenye biashara yangu. Aliyekuwa chumbani usiku ule ni binti wa miaka kumi na saba ambaye hakuna aliyemwita hospitali hata mara moja.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya.