Injini ya boti isining'inizwe kwenye trela

Mhariri,

Barabara ya Kampala kwenda Masaka hupita boti juu ya trela, injini imeinuliwa na kushikiliwa na kile kikono kidogo cha kufungia tu. Kikono hicho ni cha boti iliyoegeshwa mwaloni, si cha matuta. Injini ya nguvu za farasi 40 huweza kuzidi kilo 70. Ikiinuliwa, kila tuta huigeuza mtaimbo unaochokoa ubao wa tezi, yaani ubao wa nyuma ya boti unaobeba injini. Mbao iliyokwisha kulowa ndani hupasuka kuanzia kwenye matundu ya bolti, na rangi huuficha ufa mpaka siku boti inapoingia ziwani.

Dawa ni boriti ya kuegemeza. Ncha moja hukaa kwenye chuma cha mwisho cha trela. Nyingine, yenye panda iliyovikwa mpira, hupokea shingo ya injini juu ya propela. Shusha injini ikalie panda, kisha ifunge kwa mkanda. Trela ikiwa juu kiasi cha pezi lililo chini ya propela kutogusa tuta, iache injini wima, boriti haihitajiki.

Lakini tezi nayo ifungwe kwenye trela kwa mikanda miwili, la sivyo boti ikiruka, boriti yenyewe huipiga injini. Injini ndogo zinazoshikizwa kwa vibano ni heri kuzing'oa kabisa. Ikishang'olewa, ya mipigo minne (four-stroke) ilazwe upande ulioelekezwa kwenye kitabu chake, vinginevyo oili huingia kwenye silinda.

Baada ya kilomita 10 simama, kaza mikanda tena. Hulegea.

Fundi wa injini za boti,
Entebbe