Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2025

Ndugu wanachama, dada zangu na kaka zangu, habari za majukumu. Mambo ya kawaida nayapitisha haraka maana mnayajua: maonyesho ya Idi yalifanyika, michango ya misiba miwili tulitoa, darasa la kusuka lilienda hadi mwezi wa sita likafa lenyewe kwa kukosa wanafunzi. Tuko wanachama 48, waliolipa ada kamili 19, nusu 8, waliobaki ni ahadi tu.

Sasa tuje kwenye mzigo, najua ndo kilichowafanya mfungue ujumbe huu. Makatoni ya wanja, hina na lipstiki tuliyoagiza kwa pamoja kutoka Dar yalizuiliwa hapa Marekani na FDA, yaani mamlaka ya chakula na dawa, na mimi ndiye niliyeamua yateketezwe badala ya kuendelea kubishana. Kuna waliosema mwenyekiti ameuza haki ya wanachama, wengine eti nimeogopa wazungu. Jamani, mlisoma ile barua niliyoituma kwenye grupu?

Sheria ya Marekani haiulizi kama bibi yako alipaka wanja miaka themanini na macho yakabaki mazima. Rangi yoyote ya kipodozi, ukitoa baadhi ya zile dawa za kupaka nywele rangi, lazima iwe imeidhinishwa na FDA, tena kwa matumizi yale yale unayouzia. Wanja wetu wa asili mwingi una madini ya risasi na haumo kabisa kwenye rangi za macho zilizoruhusiwa, kwa hiyo hata mngenipa hela ya maabara ningeenda kupima nini? Hina imeruhusiwa kwenye nywele tu, na sisi boksi zetu zina picha ya mkono wa bi harusi mbele! Piko, ile nyeusi ya kuchorea, ndo kabisa, sitaki hata kuiongelea, mwenye mtoto aliyewahi kuvimba mkono baada ya harusi anajua.

Lipstiki ndo imewauma zaidi, nawaelewa. Lebo iliandika namba ya rangi CI 15850 na mtu akasema hiyo namba iko hata kwenye lipstiki za madukani hapa. Iko, ndiyo, ila hapa rangi hiyo inaitwa D&C Red No. 6 na kila bechi yake inapimwa na kupewa cheti na FDA wenyewe, cheti cha nchi nyingine hakikubaliki, hata TBS, shirika la viwango la Tanzania, wakigonga muhuri mara kumi. Kiwanda hakikuwa na cheti. Na msisahau vipodozi vyenye makosa ya rangi vina tangazo lao la FDA la kuzuia mizigo, namba 53-06, wanja una lake 53-13, hina ya ngozi 53-19, ukishawekwa humo mzigo unashikwa bila hata kufunguliwa na wewe ndo unatakiwa kuthibitisha kwamba uko safi. Ukikataliwa una siku 90, urudishe ulikotoka au uteketeze, ukipitisha hapo unaweza kudaiwa hadi mara tatu ya thamani ya mzigo. Kurudisha kungekula dola 1,900, kuteketeza kulikula 640. Hesabu hiyo nilifanya peke yangu usiku, wajumbe wawili wa kamati simu zilikuwa hazipatikani.

Na hili la kusema hamkushirikishwa, mkutano wa dharura niliuitisha wakaja watu 11. Kumi na moja! Kwenye grupu lakini voisi noti zilikuwa hazikauki.

Mwakani Mungu akipenda tutatafuta kiwanda chenye rangi zenye cheti, labda tuanze na mafuta ya nywele na sabuni zisizo na rangi, tutaona. Kuna wazo pia la kupata mtu wa kutusomea lebo kabla ya kulipia, tukipata fedha.

Risiti zote za ule mzigo ziko kwa mweka hazina. Anayetaka kuziona aende, ila abebe na risiti yake ya ada.