Kuni mbichi zinahatarisha nyumba zetu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wanaopasha nyumba joto kwa kuni. Nachanja kuni tangu ujana, na huniuma kuona mtu akikata mti leo na kuutia motoni wiki ijayo. Gogo lililokatwa karibuni laweza kuwa na maji kama nusu ya uzito wake. Moto huanza kwa kuyachemsha maji hayo, nanyi mnabaki na baridi na macho yanayowasha. Moshi wake hupoa ndani ya dohani na kuganda kama lami. Utando huo ukishika moto, nyumba nzima imo hatarini. Usiku mmoja dohani yetu ilinguruma watoto wakiwa wamelala. Sijasahau mngurumo ule.

Basi pasueni mapema. Gome huzuia maji kutoka, kwa hiyo gogo zima hukaa bichi muda mrefu hata likiwekwa juani. Mimi huvipanga vipande juu ya fito visiguse udongo, upepo upite katikati. Funikeni juu tu. Niliwahi kufunika hadi chini, na rundo zima likaota ukungu. Hata tawi kavu mnaloliokota chini huwa limenyonya unyevu wa ardhi. Lipeni muda nalo.

Miti migumu huhitaji mwaka mmoja hadi miwili. Mimi hugonganisha vipande viwili: vikitoa mlio mkavu, na ncha zimepasuka nyufa, ndipo huviingiza ndani.

Msomaji wako wa siku nyingi