Kwa nini hatubaki na ufunguo wa mafaili yako

Msimu wa kupandisha wageni mlimani unapokaribia, wateja wetu wa hapa Moshi hutuletea kompyuta zao ili tuwawekee mfumo wa nakala rudufu, na karibu kila mmoja huuliza swali lilelile kabla hajaondoka: "Nikisahau neno la siri, ninyi si mtanifungulia?" Jibu letu ni hapana. Tunaona ni haki ya mteja kuelezwa sababu, kwa kuwa hatukatai kwa kukosa ujuzi wala kwa kutomjali.

Mafaili yako husimbwa, yaani hugeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, ndani ya kompyuta yako mwenyewe, kabla hayajatumwa kokote. Ufunguo wa kuyasimbua hutokana na neno la siri unalolijua wewe, nalo halifiki kwetu. Kinachofika kwetu ni mrundikano wa herufi usiosomeka, na hata fundi wetu mwenye uzoefu kuliko wote akiutazama mwaka mzima hataambulia jina la mgeni wako mmoja.

Mwaka 2025 swali hilo lilitujia kwa sura nyingine. Iliripotiwa kwamba mwezi Januari serikali ya Uingereza, ikitumia sheria yake ya upelelezi ya mwaka 2016, iliitaka kampuni ya Apple iviwezeshe vyombo vya dola kufikia mafaili ambayo watumiaji wameyahifadhi iCloud, ghala la mtandaoni la Apple, yakiwa yamesimbwa. Apple yenyewe haikuwa na ufunguo wa mafaili hayo. Tarehe 21 Februari ilitangaza kuiondoa huduma hiyo ya ulinzi wa juu kwa watumiaji wa Uingereza, na wateja wetu wakataka kujua kama nasi tungeweza kudaiwa jambo la namna hiyo, na tungefanya nini.

Hoja ya wapelelezi hatuidharau. Baada ya watu 14 kuuawa San Bernardino, Marekani, mwezi Desemba 2015, shirika la upelelezi la FBI lilikuta simu ya mmoja wa wauaji imefungwa, likaenda mahakamani kutaka Apple ilazimishwe kutengeneza programu ya kuudhoofisha ulinzi wake. Shauri hilo liliondolewa mwezi Machi 2016, baada ya FBI kupata msaada kwingine. Aliyefiwa na ndugu yake ana haki ya kuuliza kwa nini simu ya muuaji ilindwe. Tatizo ni kwamba programu ya kufungua simu moja haijui kama aliyeishika ni askari au mwizi.

Ugiriki waliliona hilo kwa macho yao. Mitambo ya Vodafone nchini humo ilikuwa na programu ya kusikiliza simu, iliyokusudiwa kutumiwa na vyombo vya dola kwa kibali. Watu wasiojulikana waliiwasha kwa siri, na kuanzia mwaka 2004 hadi Machi 2005 wakasikiliza simu za watu wapatao mia moja, akiwemo Waziri Mkuu Kostas Karamanlis mwenyewe. Mlango wa uani uliojengwa kwa ajili ya serikali ukatumika kumsikiliza mkuu wa serikali hiyohiyo. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2024, ilibainika kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China wameingia katika kampuni za simu za Marekani na kufikia hata mifumo ya usikilizaji kwa amri ya mahakama, ambayo sheria ya mwaka 1994 inazitaka kampuni hizo ziwe nayo. Desemba mwaka huo maafisa wa Marekani, wakiwemo wa FBI, waliwashauri wananchi watumie mawasiliano yaliyosimbwa.

Mafundi wa kufuli wa mjini kwetu wanao ufunguo unaofungua vyumba vyote vya nyumba ya wageni, nao huuita ufunguo malaya. Ukipotea, mwenye nyumba hana budi kubadili kufuli zote. Sisi tukibaki na ufunguo kama huo, mwizi hatahitaji kuvunja ofisi za wateja wetu moja moja. Atavunja yetu tu. Humo atakuta nakala za pasipoti, namba za bima, na fomu ambazo mgeni ameeleza maradhi yake kabla ya kupanda kwa njia ya Machame au Marangu. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za namna hiyo azilinde. Mpelelezi akitujia na amri halali tutampa tulichonacho, yaani jina la akaunti, kumbukumbu za malipo na mafaili yaliyosimbwa. Ufunguo atauulizia kwa mwenyewe.

Msimamo huu una gharama, na tumeiona ikilipwa. Mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, aliibiwa kompyuta na hakuwa ameandika popote neno lake la siri. Nakala zake tunazo mpaka leo, kamili, na hakuna awezaye kuzisoma. Tulikaa naye mchana kutwa akijaribu maneno aliyoyakumbuka, na uchungu wake hatujausahau.

Tangu siku ile tumebadili utaratibu. Fundi haondoki ofisini kwako mpaka uchapishe ufunguo wa dharura kwenye karatasi mbili, moja ya nyumbani na nyingine ya kwa mtu unayemwamini, kisha ufute faili moja la majaribio na kulirejesha kwa mkono wako mwenyewe, yeye akiwa ameipa skrini mgongo.