Operesheni Imekwisha, Nyonga Bado: Wito wa Mchango kwa Mwalimu Wetu wa Michezo

Assalaam alaykum. Wazazi wetu, wanafunzi mliosoma hapa mkatawanyika Unguja, Dar es Salaam, Maskati na kwengineko, majirani wa shehia, na kila aliyepata kukimbizwa na filimbi ya mwalimu huyu kabla jua halijachomoza: kamati ya wazazi na walimu inabisha hodi tena.

Neno "tena" tumeliandika makusudi. Mlishachanga. Mlichanga kwa ajili ya operesheni, na familia yake ikauza ng'ombe wawili na mavuno ya mikarafuu kabla hayajaiva. Alikwenda Chennai, India, akapasuliwa, akarudi. Kwa hiyo wapo wanaotuuliza barazani, na wana haki ya kuuliza: "Si keshapasuliwa? Si tunamuona anatembea? Pesa za nini tena?"

Kosa ni letu. Wakati ule tulisimama msikitini tukasema ikipatikana nauli na gharama ya hospitali, shughuli imekwisha. Tulisema tusilolijua. Sasa mgonjwa tunaye hapa, nje kidogo ya Wete, Pemba, na yuko wiki ya 5 tangu apasuliwe. Tumeona kwa macho yetu kwamba daktari alifanya kazi yake kwa saa chache, na iliyobaki ni ya miezi.

Kwa msiomfahamu: ana umri wa miaka 41. Ni mwalimu wa kujitolea, hana mshahara, ana posho tu ambayo kamati humpa ikipatikana. Ujanani alikimbia mita 1,500, na wakubwa wenzake bado wanahadithiana jinsi alivyokuwa akitoka nyuma kwenye mzunguko wa mwisho pale uwanja wa Gombani. Mabinti zetu wanaokimbia leo na mitandio yao, bila ya mtu kuwacheka, yeye ndiye aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuwaombea ruhusa kwa baba zao.

Nyonga ya kulia ilimwanza miaka 6 nyuma. Kwanza alidhani ni msuli. Alikandwa kwa mafuta, akachuliwa, akapumzika, akarudi uwanjani, akaumia upya. Picha ya eksirei ilipopigwa ikaonekana gegedu, ule utando laini unaozuia mfupa usisagane na mwenzake, umelika. Mwishowe alikuwa hawezi kufunga kamba za viatu. Akiegemea ukuta na kumwita mtoto wa darasa la pili amfungie. Kuchutama alishasahau. Na alikuwa akisali juu ya kiti, jambo lililomuuma kuliko kuacha kukimbia, ingawa hakulisema ila kwa imamu.

Wengi mnadhani amekatwa mfupa akatiwa nyonga ya bandia. Sivyo. Katika operesheni iliyozoeleka, kichwa cha mfupa wa paja hukatwa kikaondolewa, na ndani ya mfupa ukashindiliwa mhimili wa chuma. Yeye kichwa chake kipo. Kimechongwa kidogo tu, kikavishwa kofia ya chuma cha kobalti na kromiamu, kama kofia ya kiua inavyokaa juu ya kichwa cha mtu. Na kwenye kikombe cha nyonga pametiwa bakuli la chuma cha aina hiyo hiyo, na hivyo viwili ndivyo vinavyozungukiana. Aina inayojulikana zaidi ilianzia Birmingham, Uingereza, mwaka 1997, mikononi mwa daktari Derek McMinn. Tufe lake ni kubwa, karibu sawa na lile aliloumbwa nalo mtu, ndiyo maana halichomoki kirahisi, na ndiyo maana mtu anayetaka kurudi kukimbia, kuchutama na kusujudu huambiwa kuna tamaa.

Hatutaki kuwauzia mbuzi kwenye gunia. Njia hii haimfai kila mtu. Madaktari huwachagua zaidi wanaume ambao bado hawajazeeka na wenye mifupa mikubwa na imara. Wanawake wengi na wenye mifupa midogo huelekezwa kwenye operesheni ile ya kawaida. Chuma kikisuguana na chuma huacha chembe zinazoingia kwenye damu, na mwaka 2010 chapa moja iliondolewa sokoni dunia nzima kwa sababu nyonga zake nyingi zilikuwa zikiharibika mapema. Aliyotiwa mwalimu wetu si hiyo, lakini atahitaji kupimwa damu na kupigwa picha kwa miaka. Tulimuuliza kama alielezwa yote haya kabla. Akasema alielezwa mara mbili, na mara ya pili aliomba aandikiwe.

Basi huku kupona kukoje?

Siku ya pili baada ya operesheni alisimamishwa, akatembea hatua 8 kwa kigari cha kushikilia. Alizihesabu. Paja lilikuwa jeusi hadi gotini, mguu umevimba mpaka viatu vya mpira vikawa havimuingii. Alikaa Chennai wiki 3 kwenye chumba cha kupanga karibu na hospitali, maana kupanda ndege mapema baada ya kupasuliwa kunaweza kugandisha damu mguuni, na donge la damu likipanda mapafuni huua. Alikuwa akinywa dawa ya kuzuia hilo, na bado anavaa soksi za kubana ambazo mkewe humvisha kila asubuhi. Mkewe anasema kuzivisha ni kazi kuliko kumenya mhogo mbichi.

Nyumbani ndiko tulikogundua mambo ambayo hakuna karatasi ya hospitali iliyotuandalia. Kitanda chake ni cha kamba, kiko chini. Akikaa, magoti yanapanda juu ya nyonga, na kwa wiki hizi za mwanzo amekatazwa kuikunja nyonga kiasi hicho. Fundi seremala mmoja, mzazi wa hapa, alikuja siku ile ile na vipande vinne vya gogo la mfenesi, akakiinua, hakutaka malipo. Choo ni cha kuchutama. Siku kumi za mwanzo alitumia kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati kwa msumeno, na siku moja kiti kikapasuka mguu akiwa juu yake. Hakuanguka, alidaka mlango. Lakini tangu siku hiyo mkewe hasinzii mumewe akiwa chooni.

Magongo yana mipira kwenye ncha. Sakafu ya msikiti ikiwa imelowa maji ya udhu, ile mipira huteleza kama sabuni. Wanafunzi wa darasa la sita wamejipangia zamu: mmoja anatangulia na kitambaa anapangusa, mwengine anafuata nyuma mikono wazi. Hatukuwatuma.

Hatari kubwa ya miezi ya mwanzo iko kwenye shingo ya mfupa, hapo chini ya kile kichwa kilichovishwa kofia. Mfupa huo bado unajirekebisha, na mtu akijitia ushujaa akaruka, au akajikwaa kwa kishindo, unaweza kuvunjika, na hapo hata hii nyonga aliyobakishiwa itakatwa. Daktari wake amemwambia mwaka mzima hakuna kukimbia wala kuruka. Anachoruhusiwa ni kutembea, kunyanyua mguu akiwa amelala, kuendesha baiskeli isiyokwenda, na baadaye kuogelea jeraha likishakauka barabara. Vijana wetu wamekuwa wakionyeshana simuni Andy Murray, yule mcheza tenisi wa Uingereza, aliyefanyiwa operesheni ya aina hii Januari 2019 na Oktoba mwaka huo huo akachukua kombe Antwerp. Ni kweli, na tunafurahi kwamba mfano upo. Ila Murray alikuwa na watu wa kumkunja na kumnyoosha kila siku. Mwalimu wetu ana gari ya shamba, viti vya mbao, mashimo ya barabara na mvua.

Na hapo ndipo penye hoja yetu. Msuli wa makalio na wa paja uliokaa miaka 6 bila kufanya kazi sawasawa haurudi kwa dua peke yake. Anachechemea sasa si kwa maumivu, maumivu yamepungua sana. Anachechemea kwa sababu msuli umesahau. Usipofundishwa mapema, kuchechemea kunakuwa tabia, na chuma cha fedha zenu zote kitakuwa kinabeba mwili uliopinda.

Kwa miezi 3 ijayo anatakiwa aonane na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani mazoezi ya viungo, Chake Chake mara mbili kwa wiki, safari 24. Tumejadiliana sana kuhusu usafiri. Mmoja wetu alitaka apande gari ya abiria kama watu wote, na tulibishana mpaka magharibi, kisha tukampandisha yeye mwenyewe akiwa na magongo mawili, aone. Sasa anakubali kwamba ni gari ya kukodi, shilingi 50,000 kwenda na kurudi, jumla 1,200,000. Mtaalamu mwenyewe atachukua 15,000 kila mara, yaani 360,000. Baiskeli ya mazoezi tumeiona, imetumika lakini nzima, 600,000. Akishapona itabaki skuli. Choo cha kukaa, pamoja na fundi na vyuma vya kushikilia ukutani, 450,000. Akifika mwezi wa tatu tangu apasuliwe, atavuka Dar es Salaam na mkewe kwa boti kwa ajili ya picha na uchunguzi, na picha zitapelekwa kwa daktari wake India. Nauli, malazi na vipimo 540,000. Lililobaki ni la tumboni: nyumba ina watoto wanne na posho imesimama, tumekadiria 300,000 kwa mwezi, miezi 3, jumla 900,000.

Yote kwa pamoja ni shilingi 4,050,000. Mkononi tunazo 1,130,000. Humo imo zamu ya upatu ya mama mmoja muuza urojo, aliyesema mtoto wake wa kike asingelimaliza skuli lau si mbio, akasukuma bahasha mezani na kutukataza kumtaja. Tunatafuta 2,920,000.

Asiye na fedha anaweza kutoa siku moja ya gari yake. Siku 24 si nyingi kwa shehia yenye magari kama tuyaonayo siku za harusi, na kila siku moja inatupunguzia 50,000. Fundi uashi wa choo anatakiwa wiki hii hii. Barafu pia inahitajika, kwani hukanda uvimbe mara tatu kwa siku. Wenye mafriji karibu na kwake tafadhali gandisheni mfuko mmoja mmoja. Na mnaomletea biriani kila Ijumaa, Mungu awalipe, lakini ameanza kunenepa na kila kilo inakwenda kwenye nyonga. Mleteeni samaki na mboga.

Jambo jengine: msimwambie "umeshapona sasa". Juzi vijana walimwambia hivyo, akaacha gongo moja, akavuka uwanja mzima kuwafuata waliokuwa wanakosea kupokezana vijiti. Usiku ule hakulala. Kila saa kumi alasiri huwekewa kiti chini ya mwembe pembeni mwa uwanja, na filimbi anayo. Mwacheni hapo.

Michango ipokewe na mweka hazina wa kamati, ofisini kwa mwalimu mkuu, siku za skuli hadi saa nane mchana, na Ijumaa baada ya sala kwenye meza iliyo nje ya msikiti. Mlio mbali pitisheni kwa jamaa zenu wa hapa. Kila Jumatatu tutabandika ubaoni, skuli na kwa sheha, kilichoingia na kilichotoka, hadi bei ya mipira ya magongo. Mara iliyopita tulichelewa kubandika wiki mbili, na maneno yaliyosemwa tuliyastahiki. Safari hii daftari litashikwa na watu watatu, mmoja wao ni mzazi asiye mjumbe wa kamati.

Ukitoa, dai risiti hapo hapo. Usipopewa, nenda kwa sheha.